Kifusi cha Zege Kwenye Msingi: Kiweke Wapi, Usikiweke Wapi

Ukishaingia chuo, kwenu unahesabika injinia. Haijalishi unasoma sosholojia, kilimo au sheria. Siku mzee akianza kujenga, simu inakuja: "Wewe ndiye msomi wetu, hebu tuambie." Na kwa sisi tunaotoka Kilosa mjini, Kimamba, Ulaya, Mikumi na vijiji vya katikati, swali linalorudi mara kwa mara ni hili: kuna mahali wamebomoa, pamejaa mabonge ya zege, na mwenyewe anasema chukueni bure. Tunaweza kuyatumia kwenye msingi?

Mtaani utapata majibu mawili. Fundi mmoja atakwambia, "Zege ni zege, twende kazi." Mwingine atakwambia zege likishavunjika limekufa, ukilirudisha kwenye nyumba unajengea maiti. Wote wamekosea, ila kosa la yule wa kwanza linaumiza zaidi. Zege kuukuu lina kazi zake kwenye msingi na lina mahali lisipotakiwa kabisa. Na kwa upande wetu wa Kilosa kuna swali linalotangulia lile la kifusi, nalo ni swali la udongo na maji.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Kwetu kifusi ni vitu viwili. Ukimwagiza dereva wa tipa kifusi, atakuletea udongo mwekundu wenye changarawe, ule unaoitwa pia moramu, wa kujazia ndani ya msingi. Lakini nyumba ikibomoka, mabaki yake nayo tunayaita kifusi. Humu nikisema kifusi cha zege nina maana ya zege lililovunjwa, basi. Si tofali, si plasta, si udongo.

Tofauti hiyo ina uzito. Nenda popote palipobomolewa, tazama rundo lenyewe kabla hujaita toroli. Sehemu kubwa ni tofali za saruji na mchanga, tena zile ambazo mfuko mmoja wa saruji umetoa tofali arobaini na kitu, ukiiangusha moja inarudi kuwa mchanga. Halafu kuna matofali ya kuchoma, plasta, udongo na vipande vya mbao. Zege halisi ni kidogo: linta, bimu, nguzo, jamvi la sakafu, mfuniko wa shimo la choo, labda kipande cha kalavati. Anayekwambia "kuna lori tatu za zege" mara nyingi ana nusu lori ya zege na lori mbili na nusu za mambo mengine.

Linatoka wapi kwa upande wetu? Mikumi iko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, na nyumba zilizo kando ya barabara kuu tunajua huwa zinaandikwa nini ukutani kwa rangi nyekundu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati, na tangu hapo alama ya X imekuwa sehemu ya mandhari. Kimamba kuna historia ya mashamba ya mkonge, na viwanda vya zamani vya mkonge vilijengwa juu ya sakafu na besi nene za mashine. Mradi wowote mkubwa wa ujenzi nao huacha mabaki, kuanzia sakafu za kambi hadi vile vipande vya mraba vya sentimita 15 vinavyopondwa maabara kupima nguvu ya zege. (Ukivipata hivyo vya maabara, umeokota dhahabu: ni zege safi, halina plasta wala udongo.) Ila kila rundo lina mwenyewe, hata likiwa limeota majani. Ulizia, na ikiwezekana mwandikishiane. Kesi ya kuiba besi ya mashine haina utetezi mzuri.

Ndani ya bonge

Zege jipya ni kokoto, mchanga, saruji na maji. Saruji ikikutana na maji inabadilika kikemia na kuwa gundi ngumu inayoshika vingine vyote. Badiliko hilo halirudi nyuma. Kwa hiyo ukiponda zege la zamani mpaka likawa unga, unga huo si saruji tena, na hata ukiumwagia maji hautashika nyumba. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaopunguza saruji mpya kwa hoja kwamba "humu ndani tayari kuna saruji". Kuna saruji iliyokwisha kufanya kazi yake.

Unachopata ukilivunja ni kokoto za zamani zilizovaa koti la mchanga na saruji. Kokoto yenyewe haijazeeka, jiwe ni jiwe. Shida iko kwenye koti. Lina vitundu vidogo vingi, na lilipopigwa nyundo limepata nyufa ambazo jicho halizioni. Ndiyo maana kokoto za zege kuukuu ni nyepesi kuliko za mlimani na zinakunywa maji mengi. Kokoto nzuri ya jiwe hunywa maji kiasi cha asilimia 1 au 2 ya uzito wake. Ya zege kuukuu inaweza kufika asilimia 5, hata zaidi.

Hapo ndipo mambo yanapoharibikia, na yanaharibika polepole bila mtu kugundua. Fundi anachanganya zege kwa macho. Anamwaga maji mpaka anaona limekaa vizuri. Dakika kumi baadaye kokoto zimekunywa, zege limekakamaa kwenye karai, mtu wa koleo analalamika, fundi anaagiza ndoo nyingine. Hakuna aliyeandika maji yamekuwa kiasi gani. Na maji yaliyozidi kwenye zege, yakishakauka, yanaacha matundu. Zege linaonekana zima, limenyooka, linapigwa picha, lakini nguvu yake imeshuka.

Dawa yake haina gharama: loweka. Kokoto za zege kuukuu zilowekwe usiku kucha, asubuhi zichujwe, zitumike zikiwa na unyevu ndani lakini hazichuruziki maji nje. Zikishashiba hazitakunywa maji ya saruji. Ukikumbuka jambo moja tu la kumwambia mzee kwenye simu, mwambie hili.

Nguvu yake je? Mwaka 2013 Matekenya Sabai na wenzake walichapisha kwenye jarida la Resources, Conservation and Recycling utafiti kuhusu kutengeneza tofali za zege kwa mabaki ya ujenzi na ubomoaji hapa Tanzania. Waliona kokoto hizo ni dhaifu kuliko za asili, lakini asilimia 85 ya tofali walizopima zilifikia nyutoni 7 kwa kila milimita ya mraba, kiwango cha chini kinachotakiwa nchini kwa tofali la kubeba mzigo. Wengi wakisikia hivyo wanashangilia. Mimi naangalia pia ile asilimia 15 iliyobaki. Hizo zilitengenezwa na watu wanaopima kila kitu. Sisi tunaopima kwa ndoo, na mara nyingine kwa koleo, tunahitaji nafasi ya kukosea iliyo kubwa zaidi.

Nje ya hapa jambo hili lina umri. Ujerumani baada ya Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa na miji iliyogeuka milima ya kifusi, na mwaka 1951 walikuwa tayari na kiwango rasmi, DIN 4163, cha zege la matofali yaliyopondwa. Uingereza leo kanuni zao za zege, BS 8500, zinaruhusu kwa zege la kawaida kubadilisha hadi asilimia 20 ya kokoto kwa zile za zege kuukuu. Asilimia 20, nchi yenye maabara kila kona.

Kazi tatu, majibu matatu

Tukisema "msingi" tunachanganya kazi tatu kwenye neno moja, na kila moja ina jibu lake.

Kazi ya kwanza ni ile tabaka ya mawe tunayopanga na kushindilia ndani ya msingi kabla ya kumwaga jamvi la sakafu. Hapa kifusi cha zege kinafaa, tena kinafaa vizuri. Mzigo wake ni mdogo, hakuna nondo ya kuharibu, na pembe zake kali zinashikana zikishindiliwa kuliko mawe laini ya mtoni. Ni kazi ya kubanana tu, haihitaji gundi.

Kazi ya pili ni zege la chini la mtaro, lile ambalo ukuta unaanzia juu yake. Hapa inawezekana kwa nyumba ya chini isiyo na ghorofa, kwa masharti: kokoto za zege zisizidi nusu, nusu nyingine iwe kokoto mpya, zimelowekwa, vumbi limechekechwa, na mchanganyiko uwe wa 1:2:4, siyo ule wa 1:3:6 ambao mafundi wengi wanautumia mtaroni.

Kazi ya tatu ni zege lenye nondo: nguzo, bimu, mkanda, jamvi linaloelea juu ya udongo mbaya. Hapa jibu ni hapana. Sababu siyo kwamba haiwezekani kitaalamu. Nondo inataka zege lililobana ili unyevu na hewa visiifikie, na wewe hujui bonge lako limetoka kwenye zege la namna gani. Lililotoka pwani linaweza kuwa limechanganywa kwa mchanga wa baharini, na chumvi yake ikigusa nondo inaila kimyakimya. Kokoto mpya kwa kazi hii tafuta pesa, hata kwa kuchangishana.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mimi mwenyewe maoni yangu yalipobadilika. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 10. Kuta za nje ni mita 36, za ndani tuseme 14, jumla mita 50 za mtaro. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na zege la unene wa sentimita 20 unakupa mita za ujazo 6. Zege la 1:3:6 linakula mifuko 4.4 hivi ya saruji kwa kila mita ya ujazo. La 1:2:4 linakula 6.3. Kwa nyumba nzima ni mifuko 26 au 27 dhidi ya 38. Kwa hiyo ili utumie kifusi kwa usalama umeongeza mifuko 11. Tuseme mfuko ni shilingi 17,000, hiyo ni 187,000. Umeokoa nini? Nusu ya kokoto, ambayo ni mita za ujazo 2.7 tu. Weka bei ya kokoto ya kwenu, toa na posho ya vijana wa kuponda, kisha niambie kama kuna faida iliyobaki. Sehemu nyingi haitabaki. Kama fundi alikuwa anatumia 1:2:4 tangu mwanzo, hapo sawa, kuna kitu unaokoa, lakini si kikubwa.

Geukia kazi ya kwanza. Eneo la ndani ni mita za mraba 80. Tabaka ya sentimita 15 iliyoshindiliwa ni mita za ujazo 12, na kwa kuwa kifusi kinashuka kikishindiliwa, utahitaji 15 au 16 za kumwaga. Hizo ni safari za tipa, mawe ya kununua kabisa, na yote unaweza kuyatoa kwenye rundo la bure bila kuongeza hata mfuko mmoja wa saruji, na bila kuponda mpaka iwe kokoto ndogo. Pesa iliyolala kwenye kifusi cha zege iko chini ya sakafu. Kwenye zege la mtaro ipo kidogo, na hatari ni kubwa. Ajabu ni kwamba mazungumzo mengi ya mtaani yanahusu la pili.

Kilosa ni udongo na maji

Kifusi hakisemi kitu kuhusu ardhi iliyo chini yake. Wilaya ya Kilosa ina ardhi za namna mbili ambazo mtu wa Dodoma au wa Njombe hawezi kukushauri kwa simu.

Upande wa mashariki, ukishuka kuelekea uwanda wa Mkata, kuna udongo mweusi wa mbuga. Kila aliyepita huko kiangazi ameuona: umepasuka, ngumi inaingia kwenye ufa. Masika ukinyonya maji unavimba na nyufa zinafunga. Udongo huo unapumua, na kila ukipumua unanyanyua nyumba upande mmoja na kuiacha upande mwingine. Ukuta unapasuka kuanzia pembe ya dirisha kwenda juu kwa ngazi, na mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi anailaumu saruji.

Watu wengi wakikutana na mbuga wanafikiri suluhisho ni kumwaga mawe mengi. Wanachimba, wanajaza mabonge makubwa ya zege, wanaendelea. Hapo wamechimba kisima bila kujua. Mabonge yana nafasi katikati yake, mbuga pembeni haipitishi maji, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanaingia na kukaa humo, yanaulisha udongo taratibu chini ya nyumba. Kwenye mbuga ni bora kuondoa udongo mweusi kadiri mnavyoweza, kujaza moramu kwa tabaka nyembamba zilizoshindiliwa vizuri, na kuyafukuza maji mbali na kuta. Kifusi cha zege, kama lazima kitumike, kivunjwe kidogo na nafasi zake zijazwe moramu mpaka tabaka lisiwe na matundu. Na kama mbuga ni ya kina kirefu, huyo mtu anahitaji mhandisi kwa siku moja. Siku moja tu. Ni rahisi kuliko ukuta.

Upande wa pili ni mto. Mji wa Kilosa umekaa chini ya milima, na Mkondoa unateremka ukiwa umebeba mchanga. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulivunja tuta, maji yakaingia mjini, maelfu ya watu wakahamia kambini, na reli ya kati ikakatika hata treni zikasimama kwa miezi. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila, na barabara ya Morogoro–Dodoma ikakatika darajani. Kuna familia wilayani kwetu ambazo nyumba ya sasa ni ya pili au ya tatu. Ndiyo maana neno "bure" lina nguvu kubwa hapa, na ndiyo maana halitakiwi kuamua peke yake.

Mafuriko yanaanzia chini. Maji yanayopita kasi kando ya ukuta yanachota udongo ulio nje ya msingi, halafu ulio chini yake, na ukuta unakosa pa kukalia. Msingi wa mabonge yaliyopangwa tu, au yaliyoshikwa kwa tope, unasombwa bonge moja moja. Kwa hiyo kwa mtu wa kando ya Mkondoa: mabonge yote yaliyo nje ya ukuta au chini ya ukuta yashikwe kwa saruji na mchanga, mtaro ushuke mpaka udongo usiochotwa na koleo kirahisi, udongo wa kurudishia pembeni ushindiliwe na sio kusukumwa kwa mguu, na sakafu ipande juu. Kwenye kupandisha sakafu kifusi kinarudi kuwa rafiki: sentimita 30 za ziada za kujaza ni gharama kubwa ukinunua, ni jasho tu ukipewa. Ila mabonge hayo lazima yawe ndani ya kuta za msingi zilizokwisha kukauka, vinginevyo yatazisukuma nje wakati wa kushindilia.

Na kama kiwanja kiko kwenye njia ya maji yenyewe, hakuna zege, jipya wala kuukuu, litakalokigeuza. Hili ni gumu kumwambia baba aliyeuza ng'ombe kununua kiwanja. Lakini ndilo la kumwambia kwanza.

Jinsi ya kulichagua na kulitumia

Gonga bonge kwa nyundo. Zege zuri linalia, linarudisha nyundo mkononi. Baya linatoa sauti ya bubu na linamomonyoka pembe. Kwaruza kwa msumari. Ukichora mfereji kirahisi, liache. Vunja moja utazame ndani: ufa ukipita katikati ya kokoto, gundi ilikuwa na nguvu, kokoto zikichomoka nzimanzima na kuacha mashimo laini, gundi ilikuwa dhaifu. Lililopitia moto mkali mara nyingi linakuwa na rangi ya waridi kwa ndani. Hilo nalo liache, moto umeshalila.

Halafu usafi. Plasta itolewe, udongo uoshwe, mbao na mizizi vitoke, maana vitaoza na kuacha tundu chini ya sakafu. Jasi, ile ya dari nyeupe za kisasa, iwe mwiko kabisa: ikikaa na unyevu pamoja na saruji inatengeneza kitu kinachovimba na kupasua zege kutoka ndani. Na ukiona mabati ya zamani ya saruji yenye nyuzinyuzi, yale ya asbesto, usiyaponde, usiyachanganye, ondoka nayo mbali. Vumbi lake linaua, ingawa linachukua miaka mingi.

Kwa tabaka la chini ya sakafu, vunja mpaka bonge kubwa liwe ukubwa wa ngumi mbili. Makubwa zaidi ya hapo hayashindiliki, yanaacha mapango, na baada ya masika mbili udongo unaingia kwenye mapango na sakafu inazama katikati ya sebule. Mwaga tabaka lisilozidi sentimita 15, lowesha, shindilia mpaka kisigino hakiachi alama, ndipo umwage lingine. Juu yake weka moramu au mchanga wa kuziba nafasi, vinginevyo saruji ya jamvi itachuruzika ndani na utakuwa unalisha kifusi kwa mifuko.

Kwa zege la mtaro, ponda mpaka kipande kipite kwenye wavu wa robotatu inchi, kisha chekecha vumbi na punje ndogo utoe. Vumbi hilo halichukui nafasi ya mchanga. Linakunywa maji kupita hata kokoto zenyewe. Limwage kwenye tabaka la sakafu. Pima kwa ndoo ileile kwa vitu vyote, na fundi akubali kabla ya kuanza kwamba maji nayo yanapimwa. Hili litaleta mabishano. Zege likishamwagwa, limwagiliwe maji siku saba, asubuhi na jioni, au lifunikwe kwa magunia mabichi. Joto la Kilosa linakausha zege kabla halijakomaa, na zege lililokauka kabla ya kukomaa haliendelei kukomaa.

Wanaoponda wafunge barakoa au hata kitambaa kibichi, na waloweshe mabonge kabla ya nyundo. Vumbi la zege lina mchanga mwembamba unaoingia mapafuni na kubaki. Macho pia: kipande kimoja cha zege kinatosha. Mara nyingi wanaopewa kazi hii ni akina mama na watoto kwa malipo ya ndoo, na miwani ni kitu cha mwisho mtu kukifikiria.

Wenzangu mnaosoma uhandisi ujenzi na mnahangaika na mada ya projekti ya mwaka wa mwisho, hapa kuna kazi ambayo haihitaji bumu lote. Chukueni zege kutoka rundo moja la Mikumi na moja la Kimamba, pimeni linakunywa maji kiasi gani, kisha mwageni vipande vya majaribio: vya kokoto mpya tupu, vya nusu kwa nusu vilivyolowekwa, na vya nusu kwa nusu visivyolowekwa, vitatu vitatu, 1:2:4 yote. Vipondwe siku ya 7 na siku ya 28. Vipande kumi na nane kwa kila rundo. Namba zitakazotoka zipelekwe kwa mafundi wa Kilosa kwa Kiswahili, kwa ndoo na mifuko, kabla ya masika.